Kisogo cha Mama Tone

Kabla hajamimina kitu chochote kwenye kichwa cha mtu, alitia kwanza tone lake moja ndani ya glasi ya maji. Haikujalisha kama chupa ilikuwa mpya au imebaki robo, kama ni mafuta aliyoyatumia miaka ishirini au zawadi ya mteja aliyetoka safari. Tone lilianguka, akaitikisa glasi mara tatu, akaiinua dirishani na kuitazama huku amefumba jicho moja. Kisha aliunusa mdomo wa chupa, polepole, kama mtu anayesoma barua. Mwisho alipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, ndipo akaanza kazi. Wateja walikuwa wamemzoea, na jina walilompa lilitokana na hilo.

"Mama Tone, mbona jana umeyapima haya haya?"

"Jana ilikuwa jana," alijibu. "Yamelala humu peke yake usiku kucha, najuaje yamefanya nini?"

Alikuwa msusi wa dredi, na hakusuka kitu kingine. Chumba cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi, kimebanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kutengeneza simu. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka zamani, karai la kuoshea, kioo kikubwa kilichovunjika pembe, na taulo nyeupe zilizochemshwa mara nyingi mpaka zikawa nyembamba. Mashine ya kukaushia hakuwa nayo. Alikuwa na uwanja mdogo wa nyuma wenye kigoda cha mbao, alikuwa na jua, na alikuwa na pua.

Pua ndiyo iliyokuwa kipimo chake kikubwa. Dredi iliyooshwa, alikuwa akieleza, hukauka upesi nje lakini katikati hubaki na maji muda mrefu. Ukiifunga kabla haijakauka kabisa, inaanza kuvunda kimyakimya, na siku mwenyewe atakapojua imeshaharibika. Mkono hauwezi kukwambia, kwa sababu mkono unagusa nje tu. Kwa hiyo yeye aliinama, akaikunja dredi karibu na shina, akavuta pumzi. "Bado," alisema, na mteja akarudi uwanjani kukaa kigodani. Wapo waliokaa pale nusu ya siku wakisubiri ruhusa ya pua ya Mama Tone, na wakirudi ndani huwa wamekwisha kuzoeana na majirani wote wa upande wa pili wa ukuta.

Karani mmoja alikuwa na miaka thelathini na tisa alipomfahamu Mama Tone. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya maji, kazi yake kutoa mafaili, kurudisha mafaili, na kuulizwa faili liko wapi. Mumewe alikuwa amehama nyumbani miezi mitatu kabla, bila ugomvi, kama mpangaji aliyepata chumba karibu na kazini kwake. Wiki ile ile karani alijipaka dawa ya kunyoosha nywele mwenyewe, akaiacha kichwani zaidi ya muda wake, na nywele zikaanza kukatika mkononi kama nyuzi za mkeka mkuukuu. Alifika kwa Mama Tone amejifunga kitambaa, na mkononi ana mfuko wa vitu alivyonunua dukani.

Mama Tone alikifungua kitambaa, akatazama, akaguna.

"Nani kakufanyia haya?"

"Nimejifanyia mwenyewe."

"Basi afadhali, hatuna wa kumgombeza."

Alizikata nywele zote zilizoungua, akabakiza kiasi cha upana wa vidole viwili. Halafu aliumimina mfuko wa karani juu ya ubao wa dirisha, akavipima vitu kimoja kimoja kwenye glasi. Kulikuwa na kopo la nta ya kusokotea. Alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakizamisha. Kipande kikaelea, kikagoma kuyeyuka, kikajibandika ukingoni.

"Unakiona? Hiki kikiingia kwenye dredi hakitoki. Utahama wewe, chenyewe kitabaki."

Chupa ya pili ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka. Tone lake liliacha utando mweupe juu ya maji. "Huyu anacheka kwa sababu hajaoga na hiki," alisema Mama Tone. Ya tatu ilinukia maua. Aliinusa, akairudisha upesi. "Manukato mengi hivi yanaficha kitu. Sijui kinachofichwa, na sitaki kujua juu ya kichwa chako." Kilichobaki mwisho kilikuwa shampuu moja nyepesi, ya bei ndogo kuliko vyote, ambayo iliyeyuka na kuyaacha maji yakiwa safi. Akaongeza jeli ya mshubiri aliyoikamua kwenye mmea wake wa uwanjani, na mafuta ya nazi ya kupaka ngozi kwa ncha za vidole.

"Ni hivyo tu?" karani aliuliza. Alikuwa ametarajia zaidi.

"Na muda. Muda hauuzwi kwenye kopo, ndiyo maana hawauweki kwenye matangazo."

Akaanza kusokota kwa kitana, fungu dogo baada ya jingine, kuanzia kisogoni kupanda juu. Akampa masharti: mwezi wa kwanza asiziguse; baadaye akiosha, aiyeyushe shampuu kwenye maji kwanza, asuuze mpaka maji yatoke meupe, asilale na kichwa kibichi hata kama amechoka vipi, na kila wiki azitenganishe mashina kwa vidole, kwa sababu nywele zilizoachwa karibu karibu hushikana zenyewe.

Karani aliyafuata yote. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kuvimba, nywele zimesimama kila upande kama zimesikia habari mbaya. Mkuu wa ofisi alimwambia mbele ya watu, "Karani, naona leo kitana kimegoma." Watu wakacheka. Yeye akachukua faili aliloombwa na kurudi masjala, ambako hakuna aliyeona kichwa chake isipokuwa makabati.

Mwezi wa sita, Mama Tone alimwinamisha kichwa, akapitisha vidole kisogoni.

"Unaishi peke yako," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kisogo. Mbele umezitenganisha vizuri, pembeni vizuri. Huku nyuma zimeshikana tatu tatu. Mtu hafiki huku mwenyewe, mdogo wangu, hata akijikunja vipi. Mwenye mtu nyumbani, hata mtoto, hata shangazi mkorofi, kisogo chake huwa kimetenganishwa. Nimeshika vichwa miaka mingi. Watu wananidanganya kuhusu kila kitu, visogo havijui."

Karani aliutazama uso wake kwenye kioo na kuona umetulia kuliko alivyodhani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwambia jambo hilo waziwazi. Ofisini walijua, lakini walimwuliza tu habari za nyumbani, naye alijibu nzuri.

"Njoo Jumamosi asubuhi kabla sijaanza wateja," Mama Tone akasema. "Nitakuwa nakutenganishia. Ni kazi ya dakika ishirini, haina malipo, na usinibishie, nina kitana mkononi."

Tangu hapo Jumamosi zake zikawa na umbo. Alifika jua likiwa bado halijafika uwanjani, akampita fundi viatu aliyekuwa akipanga soli zake, na kila mara fundi viatu alisema, "Dada, nenda taratibu huko ndani, usije ukapimwa na wewe kwenye glasi." Alikaa, akainamisha kichwa. Vidole vya Mama Tone vilizipitia dredi za kisogoni moja moja, na mlio mdogo wa nywele zinazoachana ulisikika mpaka masikioni, kama karatasi nyembamba inayochanika mbali. Kwa wiki nzima huo ndio ulikuwa mguso pekee alioupata kutoka kwa mtu, naye alijua hivyo, na hakumwambia yeyote.

Kwa miaka mitano hakuwahi kuziona nywele za Mama Tone mwenyewe. Wakati wote alifunga kilemba, cha rangi ya kahawia au cha buluu, kimekazwa hadi chini shingoni. Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa na kufanya kazi mbali sana, aliyepiga simu Jumapili. "Ndiyo mama, tumeshakula. Wewe je?" Simu zenyewe zilikuwa fupi. Karani alijua tu kwamba zamani binti alikuwa akimsaidia kazi pale chumbani, na kwamba kigoda cha uwanjani kilikuwa chake alipokuwa mdogo.

Halafu Mama Tone akapata homa ya mafua, akafunga chumba wiki mbili. Jumamosi aliyofungua tena alikuwa amepungua mwili, lakini taulo zilikuwa zimechemshwa na glasi ilikuwa mahali pake. Alichukua chupa ya mafuta ya nazi iliyokaa juani dirishani muda wote wa ugonjwa. Akatia tone, akatikisa, akatazama. Akaunusa mdomo wa chupa.

Karani alikuwa kitini, na harufu ilimfikia kabla chupa haijashuka. Mafuta yalikuwa yamechacha. Yalinuka kikaango kilichosahauliwa jikoni siku nyingi.

"Safi," alisema Mama Tone.

Mafuta yakaingia kichwani mwa karani, tone kwa tone, kwa zile ncha za vidole zilizokuwa na upole wao ule ule. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mepesi: dada, haya yameharibika. Lakini aliona kinachofuata nyuma ya maneno hayo. Msusi asiye na pua angewezaje kuruhusu watu watoke na vichwa vyao? Angefunga. Na akifunga, Jumamosi itabaki kuwa siku kama nyingine. Karani aliaga, akaenda nyumbani, akaosha kichwa mara tatu.

Kuanzia wiki iliyofuata akajipa kazi ya siri. Alifika mapema zaidi, na Mama Tone alipokuwa akichota maji yeye alizifungua chupa haraka na kuzinusa. Iliyoharibika aliimwaga uwanjani, akajaza mafuta mapya aliyoyaficha mkobani. Alijiona mwerevu, hata mwema. Alisahau, au alijifanya kusahau, kwamba yeye alikuja siku moja tu, na kwamba chupa hazikuwa kitu pekee kilichonuswa humo ndani.

Mwalimu alikuja Jumatano moja ya mawingu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja wa miaka kumi na miwili, dredi zake zikimfika kiunoni; zilianzia mikononi mwa Mama Tone na hakuna mwingine aliyewahi kuzigusa. Alitaka zioshwe na kukunjwa juu kichwani kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alikaa uwanjani mpaka alasiri. Mama Tone aliinama, akavuta pumzi, akasema zimekauka. Akazikunja, akazibana vizuri, fundo kubwa kama taji. Watu harusini walimsifu mno hata mwalimu akaona hasara kulifungua, akakaa nalo wiki tatu.

Aliporudi ilikuwa Jumamosi, na karani alikuwa kitini. Mwalimu hakuketi. Alifungua pini mbili, akateremsha dredi moja, akaisogeza.

"Mama, hebu nusa hapa."

Mama Tone aliinama. Alivuta pumzi mara moja, akavuta tena, na uso wake haukubadilika, na huko kutobadilika kwake ndiko karani alikokuja kukumbuka baadaye.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Husikii? Watoto wangu darasani wanasikia. Juzi mmoja kaniuliza, mwalimu, mbona unanuka daftari lililolowa."

Mama Tone alichukua mkasi, akakata dredi moja kutoka chini ambako haionekani, akaipasua kwa urefu juu ya taulo nyeupe. Katikati kulikuwa na ukungu wa kijivu, laini kama majivu. Alipasua ya pili, kutoka pembeni. Ile ile. Wakajaribu kuziosha kwa siki na maji ya moto, karani akimimina, na maji yakatoka na rangi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeizungumzia. Harufu ilibaki. Jua lilipofika ukutani, mwalimu mwenyewe alisema, "Kata tu, mama." Alilia bila sauti, mikono imetulia mapajani, kama anavyowafundisha watoto wakae. Aliondoka na nywele zake za miaka kumi na miwili ndani ya mfuko.

Mama Tone alifagia. Alifagia hata pale palipokuwa safi.

"Pua yangu haipo tangu ile homa," alisema, amempa karani mgongo.

"Najua, dada."

"Najua unajua." Aliuegemeza ufagio. "Siku ile ya mafuta ulikunja uso. Miaka yote hii ninafanya kazi nikitazama kioo, mdogo wangu, ulidhani sikuoni? Nikasema moyoni, sasa atasema. Nikangoja. Nikayaita safi kwa sauti, ili unibishie."

"Na mbona hukusema wewe?"

"Ningemwambia nani? Ningemwambia mteja, nipe kichwa chako, sijui kama kimekauka? Nani angekuja?"

Karani alitaka kuomba msamaha, lakini aliloliona kuwa kweli lilikuwa jingine, akalisema hilo.

"Niliogopa utafunga. Nisingekuwa na pa kwenda Jumamosi."

Mama Tone alimtazama kupitia kioo.

"Basi tulikuwa wawili humu," alisema. "Kila mmoja anamlinda mwenzake, na mwalimu wa watu anaoza kichwa."

Hakufunga siku ile. Alimwambia kila aliyefika, hata kabla hajaulizwa: pua yangu imekufa, nenda ukanuswe kwenu. Wachache walirudi mara moja au mbili kwa heshima ya zamani. Karani alijitolea kuja kila jioni baada ya kazi awe pua yake, na kwa wiki mbili walijaribu, yeye akinusa na kusema bado, au tayari. Lakini wateja walitaka neno litoke kwa Mama Tone. Ikafika siku fundi viatu akaanza kuweka viatu vya wateja wake kwenye kizingiti cha msusi, kwa kuwa hapakuwa na anayepita, na Mama Tone hakumwambia aviondoe.

Jumamosi moja, alipomaliza kukitenganisha kisogo cha karani, alisema binti yake ameamua kuja kumchukua akakae naye.

"Ana mashine ya kukaushia," alisema. "Ya kusimama, unaingiza kichwa kama mkate kwenye oveni. Anaisifia kama vile ni mchumba." Alitabasamu kidogo, kisha akaenda kuufunga mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. "Sitaki aje akione hiki kikiwa hivi."

Akafungua kilemba.

Mbele dredi zake zilikuwa za mvi, safi, zimetengana sawasawa kama mistari ya daftari. Aligeuka. Kisogoni hakukuwa na dredi. Kulikuwa na kitu kimoja, kipana kuliko kiganja, kimeshikana kutoka shingoni hadi katikati ya kichwa kama kipande cha blanketi. Karani alikitazama na kuhesabu moyoni miaka tangu binti aolewe. Miaka yote hiyo mwanamke huyu alivitenganisha visogo vya watu wazima na watoto, wa wageni na wa jirani, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepata kuuliza cha kwake kinatenganishwa na nani. Hata yeye hakuuliza.

"Usikate," alisema Mama Tone, "ila pale inapobidi."

Iliwachukua Jumamosi tatu. Karani alianzia chini, kwa vidole na maji na jeli ya mshubiri, akitafuta mashina moja baada ya jingine, akivuta hapa, akilegeza pale. Mama Tone aliuma meno, wala hakumwambia aache. Nane alizikata. Zilizobaki zilikuwa nyembamba na zimechoka, lakini kila moja ilisimama peke yake. Jumamosi ya tatu aliziosha zote, akazisuuza mpaka maji yakatoka meupe, wakakaa uwanjani, mkubwa kigodani na mdogo kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakisubiri jua lifanye kazi yake.

Binti alikuwa amesema atakuja mwisho wa mwezi. Alikuja mapema, Jumatano, akaondoka naye. Jumamosi iliyofuata karani alikuta kufuli mlangoni, na fundi viatu akainuka na kumkabidhi kitu kilichofungwa kwa taulo nyeupe. Ilikuwa ile glasi. "Kasema usiitie sukari," fundi viatu alisema, na safari hii hakuongeza utani. Siku hizi karani huipima kila chupa anayonunua, hutia tone, hutikisa, huinua dirishani. Mbele na pembeni dredi zake ziko vizuri. Kisogoni zimeanza kushikana, na bado hajampata wa kumwinamia.

Lakini Jumamosi ile ya tatu hakujua kuwa ni ya mwisho. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaanza kuukaribia mguu wa kigoda. Mama Tone aliinamisha shingo, akazishika dredi zake za kisogoni na kuzinyanyua.

"Njoo uninuse," alisema. "Na leo usinifichie."

Karani alipiga magoti nyuma yake. Akaikunja ya kwanza karibu na shina, kama alivyoona ikifanywa mara nyingi, akavuta pumzi. Akanusa ya pili, na ya tatu. Alisikia jeli ya mshubiri, na sabuni, na chini kabisa, shingoni, harufu ndogo ya kitu kilichofungiwa miaka mingi.

"Bado, dada," alisema. "Hapa chini pana unyevu. Pananuka kidogo."

Mama Tone hakugeuka. Mabega yake yalishuka taratibu, kama ya mtu aliyetua mzigo na bado hajaamua kukaa.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema. "Nisogezee kigoda juani."